Kile kibuyu Moniteri aliita aksesuari

Kambi ya barabara, upande wa Hombo
Siku ya kwanza ya juma, kisha chakula ya muchana

Mama yangu mupenzi, Mama Rozalia,

Jambo kwako, jambo kwa Papa, na jambo kwa kaka Pasikali ambaye najua njo anashika hii karatasi sasa na anasafisha koo kama padiri mbele ya Injili. Mama, uko namna gani? Mugongo unakuuma bado wakati unainama kulima? Maharagi ya kilima ya juu ilikomaa, ao mvua iliishusha yote ku muto? Na Papa, kikohozi ilimuachia? Sisi huku tuko wazima. Mujukuu wako, mwenye jina yako, iko na meno mbili chini na anauma nayo kila kitu: kamba ya mukeka, kidole ya baba yake, hata kona ya hii karatasi. Ukiona imekatwa, siyo panya. Anacheka peke yake akiangalia majani. Ukimubeba mugongoni anakushika masikio yote mbili kama anaendesha motokari.

Sasa, Mama, kaa chini muzuri. Mwambie Papa naye aache kile anafanya. Barnabe, ule kijana wa kilima ya ng'ambo aliyekuja kufanya kazi huku pamoja na bwana yangu Leo, kazi yake iliisha, na siku ya ine alitoka hapa kurudi kwetu kwa miguu. Anapitia Walikale, Kibua atalala kwa mujomba wake, na kila mahali atalala atalipa kitanda kwa habari. Ile habari naijua. Atasema: "Bwana ya Adela iko mulozi. Alimupa muntu sumu muchana, mbele ya Padiri, na mimi niliona na macho yangu." Hii barua inapanda motokari leo, inazunguka Bukavu na ziwa yote mupaka kufika Masisi. Sijui nani atafika mbele. Kama Barnabe alisha kufika, na Papa alisha kuvaa koti yake ya safari ya kuja kunichukua na mutoto, mwambie avue koti, akae, asikilize mupaka mwisho. Ni ile tu ninaomba.

Ni kweli Leo alisema mbele ya watu wote kama anaenda kumuua Mwami kwa sumu. Ni kweli alimupa kibuyu. Ni kweli ule aliyekunywa alianguka, na kesho yake aliugua. Barnabe hasemi uongo. Iko tu mujinga.

Ile kitu inaitwa teatri.

Huku tulipata moniteri mupya wa masomo ya watoto, kijana mwenye viatu zinalia kwii kwii tangu kanisa mupaka ku muto. Alikuja na kitabu kidogo ya ganda nyekundu, na mu ile kitabu, Mama, hakuna hadisi hata moja! Ni majina tu. Majina ya vipande ya hadisi, sawa vile muchinjaji anajua majina ya vipande ya ng'ombe na hajakamua maziwa hata siku moja. Alitukusanya kisha sala akatuambia: "Ninyi watu wa kambi hamujue teatri. Hamukuwa nayo kwenu." Mimi nilikukumbuka wewe, Mama, ambaye ukitoa hadisi unakuwa mara chui, mara bibi ya chui, mara mutego yenyewe yenye kungoja mu majani, na watoto wanajikojolea. Eti hatukuwa nayo!

Akaanza kutufungulia ile kitabu. Ule ambaye habari inamufikia anaitwa protagonisti. Ule anamuchukia, antagonisti. Muntu akisema peke yake kama mwenye homa, ile ni monologi. Wawili wakisemezana ni dialogi. Mimi nilifikiri ni mazungumzo. Mashuka mbili zenye kufungwa ku bambu, dekori. Ule anajificha nyuma ya dekori na kukumbusha wengine maneno, sufleri. Mwisho, pale mambo yote inafunguka, denuma. Na sisi wengine, wamama na watoto wenye kukaa ku majani, tuko publiki.

Nilimuuliza: "Moniteri, publiki inafanya kazi gani?"

"Publiki inanyamaza, Mama."

Kwetu muntu akitoa hadisi na watu wasimwitikie, anaamka, anakung'uta nguo, anaenda zake na kasirani ya siku tatu. Huyu anataka kunyamaziwa! Nilimuangalia viatu yake nikasema moyoni, masomo ya miaka yote ile njo kufika hapa.

Alitunga teatri mwenyewe. Mwami, ni kusema mufalme, iko na mushauri, mushauri anataka kiti ya Mwami, anamupa sumu, Mwami anakufa, mushauri anajuta, anafungwa. Basi. Bibi yangu muzee angeimaliza ile akiwa anachambua maharagi, na ingebakia nafasi ya nyingine ndefu kuliko. Lakini Moniteri alisema: "Hii ni tragedi. Mu tragedi hakuna kucheka." Alisema vile na alama ya chaki ku pua.

Leo alichaguliwa kuwa mushauri mubaya juu ya sauti yake. Unamujua, njo anaimbia watu wa piki, wenye kuchimba barabara, wapate kupiga pamoja. Umwami walimupa Simeoni, fundi ya mbao, muntu munono na mupole sana, juu ya tumbo. Mimi niliombwa kibuyu. Ile yenye shingo ndefu, Mama, ulinipa siku ya kutoka nyumbani, na ushanga tatu ku shingo. Moniteri aliishika na vidole mbili kama kitu ya kuokota, akasema: "Hii itafaa kuwa aksesuari." Nilifikiri ananitukana. Kumbe ni jina ya kila kitu ya kushika mukononi mu teatri. Hata Biblia ikiingia pale inakuwa aksesuari.

Walikuwa wanajifunza kisha kazi, jua ikiwa ingali juu, na mimi nilikuwa nakwenda na mutoto kuangalia. Siku moja Moniteri anamwambia Leo: "Hapa unageukia publiki, unasema: Leo hii Mwami atakunywa kufa kwake. Ni aparte."

"Simeoni iko karibu yangu sawa hii mukono," Leo anasema. "Atasikia."

"Hasikii. Ni aparte."

"Moniteri, mimi nikisema wanasikia mupaka ng'ambo ya muto."

"Publiki inasikia, Mwami hasikii. Ni sheria ya teatri."

Simeoni anajikuna tumbo: "Mimi nasikia."

"Hausikii!"

"Basi sisikii," Simeoni anasema. "Lakini nasikia."

Nilicheka mupaka mutoto akaamka. Moniteri akaniangalia na jicho moja: "Mama Adela, publiki iko bado." Eti sikuwa bado publiki! Nilikuwa nini, kuku?

Siku ya Mungu ikafika. Kisha misa, Padiri alikaa ku kiti, musungu wa barabara na bibi yake ku viti, sisi ku majani. Kambi yote ilikuwako, Barnabe mbele kabisa na mudomo wazi. Mashuka ilivutwa. Simeoni alikaa na ngozi ya mbuzi ku bega kama Mwami, muzuri kweli, hata bibi yake Mama Tereza alijitengeneza kitambaa ku kichwa kama naye anatawala. Leo akaingia. Akatugeukia, akasema na ile sauti ya barabara: "Leo hii Mwami atakunywa kufa kwake! Sumu iko tayari!"

Mama, ungefanya nini? Muntu anakuambia wewe usoni kama anaenda kuua jirani yako, na jirani anakaa pale anatabasamu. Unanyamaza? Wamama wote waliamka. "Papa Simeoni, amuka! Iko na sumu!" "Usikunywe, baba!" Muzee moja akatupa fimbo yake. Mama Tereza akapita katikati ya watoto akipiga kelele: "Simeoni, njoo nyumbani!" Na nyuma ya shuka Moniteri analia: "Publiki, kunyamaza! Ni aparte! Mwami hasikii!" Musungu wa barabara alikuwa anajipangusa machozi. Padiri naye alijifanya anatafuta kitu mu mufuko.

Simeoni alinyosha mukono kwa bibi yake, akamwambia pole pole: "Mama Tereza, kaa. Ni kazi."

Sasa, Mama, sikiliza hii muzuri, na Papa asikilize. Leo alishika kibuyu. Siku za kujifunza kibuyu ilikuwa wazi, bila kitu ndani. Ile siku Moniteri alikuwa amekwisha kuijaza. Leo alisikia uzito yake mukononi, na mukono ikafanya kile mukono ya kila muntu mwenye kulelewa inafanya: iliipeleka kwanza ku mudomo yake mwenyewe. Alionja. Hakufikiri. Tangu mutoto, nani kwetu alisha kumupa mukubwa kinywaji bila kuonja mbele yake? Hata wewe unaonja maji mbele ya kumupa mugeni. Mushauri mulozi, mwenye kujisifu sumu mbele ya kambi yote, akaonja sumu yake juu ya adabu!

Watu walicheka mupaka ndege zikatoka ku miti. Nyuma ya shuka sufleri, Moniteri mwenyewe, analia, wote tunasikia: "Usionje, mupumbavu! Mupe!" Leo akashituka, akamupa. Na Simeoni, juu ya kuona Leo ameonja, alipokea na mikono mbili, akakunywa yote mupaka chini, sawa Moniteri alimuagiza. Uso ilikunjamana. Akaanguka. Alikufa muzuri, watoto wengine walilia. Mara tatu aliinua kichwa kuangalia kama tunamuangalia.

Kisha, Moniteri alimwambia Leo mbele yetu: "Umeua tragedi yangu. Umeifanya komedi." Jasho inamutoka kama muntu ambaye kwake kumekufa muntu kweli. Leo aliomba musamaha. Mimi niliona ni aibu kumuomba musamaha mutoto wa viatu, lakini Leo ni muntu wa amani.

Kesho yake, siku ya kwanza, Simeoni hakuenda kazini. Anatapika, tumbo inamukata, ulimi nyeusi. Na hapa, Mama, njo ninaona kama watu wa hii kambi hawapitane na Moniteri mu ujinga. Ile kucheka yote ilisahauliwa. Ku muto walianza kuhesabu: "Alisema iko na sumu. Alionja, hakufa. Ule mwingine alikunywa, iko anakufa. Basi sumu ilikuwa mu ukucha. Alionja kwanza, kisha akachovya kidole gumba." Wamama watatu walionyeshana kidole gumba, kila muntu akieleza mwenzake namna ya kuchovya. Wamama wenyewe ambao siku moja mbele walikuwa wananyang'anyana mutoto wangu, kila muntu anataka kumubeba! Nilipeleka sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa jirani, sahani ilirudi na sombe yake yote, imefunikwa na jani. Mutoto alinyosha mikono kwa Mama Tereza ku njia. Mama Tereza alipitisha mikono nyuma ya mugongo.

Siku ya tatu kapita, musimamizi wa kazi, alikuja ku mulango. Hakuingia. Alisema: "Leo, hakuna anayekuchukia. Lakini watu wa piki hawataki kunywa maji ya pipa moja na wewe. Utafanya kazi peke yako kule mwisho. Padiri anarudi siku ya Mungu. Kama Simeoni hajapona, mutafunga vitu yenu."

Leo alisema: "Kapita, ilikuwa teatri."

"Najua. Lakini Simeoni anatapika kweli."

Na siku ya ine Barnabe akafunga mukeka yake, akaenda. Hakupita kutuaga.

(Kaka Pasikali, hapa simama. Hii soma na macho tu, Papa asisikie, Mama asisikie. Ile siku ya ine muchana, Leo alilala kidogo na mutoto ku kifua. Mimi nilipiga magoti. Nilimushika mukono pole pole, nikaangalia kidole yake ya gumba. Nilichimba chini ya ukucha na mwiba. Nilikuta udongo ya barabara. Kaka, mimi bibi yake, ambaye nilimuona anajifunza yale maneno na kuomba Mungu asisahau! Na nilikuwa nimekwisha kufunga nguo ya mutoto mu kitambaa, chini ya kitanda. Ningemufuata Barnabe. Leo alifungua macho, akaniona na mwiba. Alinipa na ule mukono mwingine, akalala tena. Sijui namna ya kuandika ile. Endelea sasa na sauti.)

Siku ya tano, mutoto wa masomo akanirudishia kibuyu. Moniteri hakuileta mwenyewe. Niliitia maji nipate kuisafisha, nikaimwaga: maji ilitoka nyeusi. Nikatia tena: nyeusi, kisha samawi. Nikatia kidole ndani, kidole ikatoka na rangi yenye sabuni haikutoa. Mama, nilisoma miaka mbili tu kwa Masista, lakini ile rangi naijua. Ilikaa ku vidole yangu miaka mbili yote.

Nilimubeba mutoto, nikashika kibuyu, nikaenda mupaka ku masomo. Moniteri alikuwa anaandika ku ubao.

"Moniteri, ulitia nini mu kibuyu ya mama yangu?"

Aliangalia mulango. "Ni aksesuari, Mama Adela."

"Ndani yake, nasema."

"Maji. Na... unga kidogo ya wino. Sumu ilipaswa kuonekana. Publiki ya nyuma ilipaswa kuona kama ni sumu."

"Kuona namna gani? Kibuyu iko chupa? Nani anaona ndani ya kibuyu?"

Mama, hakuwa amefikiri! Nakuapia. Na ile kitabu yote, na viatu yote, hakuwa amefikiri kama kibuyu haionekane ndani. Kisha akasema eti ingetiririka ku kidevu ya Mwami, watu wangeiona pale.

"Simeoni hakutiririsha," nilimwambia. "Simeoni ni muntu wa utii. Ulimwambia akunywe yote, alikunywa yote. Siku tano anatapika wino yako, bwana yangu anaitwa mulozi, na wewe ulijua ukanyamaza."

"Mama, sauti pole pole. Padiri akisikia nitapoteza kazi." Na hapo alianza tena mu Kifaransa, illusion hivi, illusion vile, kama nikisema kweli nitaharibu ile illusion ya teatri. Sijui ile ni mududu gani. Nilimwambia: "Haribika nayo. Nipe unga inabakia." Alinipa karatasi ya unga mbio mbio, masikini, alifikiri naenda kumufichia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Simeoni. Mama Tereza alisimama mu mulango na fagio.

"Mama ya mutoto, rudi."

"Narudi. Nionyeshe ulimi yake tu."

"Ulimi iko nyeusi! Unajua kwa nini iko nyeusi!"

"Najua," nilisema.

Aliinua fagio. Mimi nilikaa chini, pale pale ku mulango, mutoto ku mapaja. Simeoni iko fundi, mbele ya nyumba yake vipande ya mbao ni mingi. Nikaokota kipande nyeupe yenye kulainishwa, nikatia maji mu kibuyu, nikachochea, nikachovya kijiti, nikaandika ku mbao, na herufi kubwa sawa Masista walinifundisha: ROZALIA. Maandiko yakatoka muzuri, nyeusi, safi. Nikamupa.

"Soma, Mama Tereza. Sumu gani inaandika?"

Hajui kusoma. Lakini anajua wino, alisha kutia kidole juu ya kitabu ya ndoa. Alinusa mbao. Akanusa kibuyu. Akalamba kidole yake, akailamba mbao, akatema. Kisha akageuka mu nyumba, na sauti ambayo Moniteri hajaandika mu kitabu yake: "Simeoni! Wewe muzee mupumbavu! Ulikunywa masomo yote ya watoto!"

Na ndani ya nyumba, ule mugonjwa akajibu: "Nilionja ni uchungu. Lakini aliniambia nimalize."

Mama, nilicheka na nililia pamoja. Sijui jina ya ile mu kitabu nyekundu; kwake ni tragedi ao komedi, lazima uchague.

Simeoni alipona siku ya posho, siku ya sita. Jana, siku ya Mungu, kisha misa, alikwenda mbele ya Padiri, akatoa ulimi nje, samawi bado mu katikati. Mama Tereza alishika mbao, mimi nilishika kibuyu. Padiri akamuita Moniteri, akamuamuru aseme kwa watu wote. Moniteri alisimama. Alisema kama ilikuwa ajali ya aksesuari, kama anaomba musamaha kwa Papa Simeoni, kwa Papa Leo, kwa kambi. Alisema mingi. Na sisi, Mama, hakuna aliyemwitikia. Hakuna "mmh", hakuna "ndiyo, baba", hakuna hata kikohozi. Publiki ilinyamaza, sawa vile alitufundisha. Alisema, akasema, akatuangalia, akaanza kuomba na macho muntu moja tu amujibu. Mwisho njo mutoto wangu akasema "ba!" na yeye Moniteri akamuinamishia kichwa, akakaa.

Wamama wamerudi kama hakukupita kitu. Ule wa sombe alikuja asubuhi kuniomba chumvi, eti "dada yangu, ulipotelea wapi?" Nilipotelea! Mama Tereza alinyosha mikono: "Leta mutoto." Nilitaka kumunyima kidogo, nione anaumia. Lakini mutoto alikuwa amekwisha kumuinamia, yeye hajui bado kukasirika, na nilimupa. Leo alirudi ku watu wa piki. Tangu hapa naandika nasikia anawaimbia. Muchana Simeoni alikuja kwetu na kiti yake mwenyewe, kwa kuwa viti yetu haimuwezi, akakula ugali na sombe, akakunywa maji ambayo Leo alionja mbele yake. Alikunywa mara mbili, wenye kupita ku njia wapate kumuona. Ule njo anajua teatri.

Lakini Barnabe hakuona ile yote. Barnabe alitoka siku ya ine. Yeye anabeba tragedi tu, na anaipeleka kwenu.

Kwa hiyo nimechanganya ile unga iliyobakia, na njo naandika nayo. Papa aangalie rangi ya haya maneno. Njo sumu ya Leo, yote iko hapa, hakuna nyingine. Anaweza kutia kidole mate na kupangusa. Itamubakia ku kidole siku tatu, na hatakufa.

Unisalimie bibi, mama ya Papa, na umwambie nilisema anawapita wenye vitabu. Salimia shangazi mwenye kuuza maharagi ku soko ya Nyabiondo, na asisikilize watu wa njia. Salimia bibi ya kaka Pasikali, nasikia anangoja mutoto; alale muchana, asibebe kuni. Salimia mama yangu wa ubatizo, na katekista aliyenifundisha kushika kalamu. Na mama ya Barnabe pia umusalimie, muzuri, bila kumutukana. Mutoto wake aliona kweli. Alikosa tu mwisho.

Sasa, kaka Pasikali. Nimefikiri tangu nilianza hii ukurasa ya mwisho. Rudi nyuma, pale ku alama mbili za kufunga, pale nilikukataza. Soma ile na sauti kubwa, Papa asikie, Mama asikie. Aparte njo ilituletea hii mateso yote, maneno ya kusemea wamoja na wengine wanakaa karibu kama hawana masikio. Sitaki aparte mu nyumba ya Papa. Ajue kama mimi mwenyewe nilichimba ukucha ya bwana yangu na mwiba na nilikuta udongo ya kazi. Kama mimi mwenye kulala karibu yake nilishindwa siku moja, Papa naye mwenye kuwa mbali hana kosa kushindwa. Lakini siku moja inatosha.

Kiangazi ikifika tutakuja, Leo, mimi na mutoto. Mama, utatengeneza kasiksi, ile pombe yako ya ndizi. Nitaleta kibuyu yako, nimeisugua na muchanga, ndani imebakia kivuli kidogo nyeusi ambayo haitoke. Leo ataijaza mbele ya watu wote wa nyumba, ataonja, atamupa Papa na mikono mbili. Hapo tusiseme kitu. Mimi sitaangalia Leo, sitaangalia kibuyu. Nitaangalia koo ya Papa tu. Ikipanda na kushuka, nitajua kama niko na bwana na niko na kwetu.

Mimi mutoto wenu, mama ya Rozalia mudogo, mwenye vidole nyeusi,

Adela